Mwamba haukupanga maghorofa ya New York

Ukisimama New Jersey ukaitazama Manhattan ng'ambo ya mto Hudson, utaona vilima viwili vya maghorofa. Kimoja kiko kusini kabisa, huko Wall Street. Kingine katikati ya kisiwa, lilipo jengo la Empire State. Baina yao paa zinashuka kama bonde.

Dhana: Maghorofa yalifuata mwamba

Simulizi hii imeingia hata vitabuni: mwamba mgumu uko karibu na uso wa ardhi penye vilima viwili na umezama penye bonde, kwa hiyo wajenzi walipanda juu pale tu walipopata msingi kwa urahisi. Inaingia akilini upesi, na ndiyo maana imedumu.

Ukweli: Mwaka 2011 mchumi Jason Barr na wenzake wawili walichapisha utafiti uliofanya jambo ambalo wasimulizi hawakulifanya: kupima. Walikusanya vina vya mwamba sehemu mbalimbali za kisiwa, wakavilinganisha na mahali yalipojengwa majengo marefu kati ya 1890 na 1915, kisha wakatumia hesabu za takwimu kutenganisha athari ya mwamba na mambo mengine, kama bei ya ardhi na umbali kutoka vitovu vya biashara. Athari ya mwamba ilionekana ndogo sana. Msingi wa kina uliongeza gharama, lakini nyongeza hiyo haikuwa kitu mbele ya bei ya kiwanja na ya jengo lenyewe.

Nenda hadi jirani na City Hall, makao ya serikali ya jiji huko kusini mwa Manhattan, ambako mwamba umezama sana. Kama simulizi ingekuwa kweli, mtaa huo ungekuwa wa mwisho kupata maghorofa. Kumbe ndiko lilikosimama jengo la Park Row mwaka 1899, juu ya nguzo za mbao zilizopigiliwa mchangani. Mwaka 1913 likafuata Woolworth, mita 241, ambalo wajenzi wake walichimba zaidi ya mita 30 kuufikia mwamba. Waliutaka mtaa, basi wakaulipia msingi. Bonde nalo lina sababu ya kibinadamu: eneo hilo lilijaa viwanda na nyumba za wahamiaji waliobanana, huku matajiri wakihamia kaskazini na maduka na ofisi zikiwafuata.

Dhana: Jengo likivunja rekodi ya urefu duniani, uchumi unaporomoka

Mwaka 1999 mchambuzi wa uchumi Andrew Lawrence aliipa dhana hii umbo la kipimo. Mifano inashawishi: Empire State lilifunguliwa 1931, katikati ya Mdororo Mkuu; Burj Khalifa, mita 828, Januari 2010, Dubai ikiwa imeelemewa na madeni.

Ukweli: Lakini tarehe ya jengo ni ipi? Ya kutangazwa, ya kuanza kuchimba, au ya kukata utepe? Ukiwa huru kuchagua, hukosi mgogoro ulio jirani nayo. Barr na wenzake wengine waliweka urefu wa majengo na pato la nchi katika mfululizo wa miaka, wakauliza kipi kinatabiri kipi. Urefu haukutabiri pato. Pato ndilo lililotabiri urefu: watu wakipata fedha, hujenga juu.

Dhana: Sura ya mji angani ni suala la macho, haipimiki

Ukweli: Inapimika, hata kwa penseli. Piga picha ya Dar es Salaam ukiwa kwenye pantoni ya Kigamboni, kisha fuatisha mstari wa paa: mnara wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, minara ya ofisi, mapengo kati yake. Weka juu yake karatasi ya visanduku vya sentimita moja, uhesabu vile ambavyo mstari umevigusa. Rudia kwa visanduku vya nusu sentimita. Mstari ulionyooka ungekupa hesabu maradufu. Wa mji, wenye kupanda na kushuka, hukupa zaidi. Tuseme hesabu imetoka 40 hadi 92: imeongezeka mara 2.3, yaani 2 kwa kipeo cha takriban 1.2. Kipeo hicho ndicho kipimo cha mparuzo wa mstari, ambapo 1 ni mstari mnyoofu na 2 ni mstari unaojaza karatasi nzima. Kompyuta hurudia zoezi hilo kwa visanduku vya ukubwa mwingi, kwa sekunde chache.

Namba hiyo haisemi kama mji unapendeza. Tena ukisogea, nayo inasogea: jengo la mbele linaficha la nyuma, mnara wa kanisa unapotelea kwenye ukuta wa vioo. Kwa hiyo kabla ya kuandika namba yoyote, andika kwanza uliposimama.