Nani kasema umri wako wa skauti umepita?

Omba watu wazima wajitolee kwenye kundi la skauti, iwe Kirumba, Igoma au Buswelu hapa Mwanza, utajibiwa hivi: "Mwalimu, mimi umri umenitupa mkono." Anayesema hivyo ana miaka arobaini na kitu, ana nguvu zake, na kila Jumapili yuko kwaya. Kauli hii inaniuma, kwa sababu inawanyima watoto walezi waliokuwa tayari kuja.

Wanachochanganya ni umri wa kijana na umri wa kiongozi. Rova, yaani skauti wa ngazi ya vijana wakubwa, ni kijana, naye ana ukomo. Uingereza, kwa mfano, kitengo cha vijana wakubwa kinaishia miaka 25. Mtu akisikia hivyo anadhani skauti nzima inaishia hapo. Siyo kweli. Huko huko Uingereza mtu mzima anaanza kujitolea akiwa na miaka 18, na juu hakuna kikomo. Zamani viongozi wa vikundi walitakiwa kustaafu wakifika 65, lakini sharti hilo liliondolewa. Baden-Powell mwenyewe, mwanzilishi wa skauti, aliyezaliwa 1857, alikuwa na miaka 50 alipowapeleka wavulana kambini kisiwa cha Brownsea mwaka 1907. Mwaka 1937 alihudhuria jamborii, yaani mkutano mkubwa wa skauti, Uholanzi akiwa na miaka 80, kisha akaja kuishi Nyeri, Kenya, alikofia mwaka 1941.

Cha kujiuliza ni unaweza kazi gani. Kupanda milima na watoto kunataka magoti mazima. Kutunza fedha za kundi hakutaki. Na sisi wa kandokando ya ziwa tunawahitaji wazee kuliko wengine. Namfikiria mvuvi mstaafu ameketi kwenye kigoda pale mwaloni, kamba mapajani, anamwonyesha mtoto kitanzi kisichokaza mtu akivutwa majini. Mtoto akikosea, Babu anafungua, anampa tena. Akiona wingu limebadilika upande wa Ukerewe, anasema mtumbwi usitoke, na hautoki. Anajua pia ni maji gani ya kandokando yana kichocho na wapi mamba huonekana. Kijana wa chuo hana ujuzi huo, hata awe na bidii kiasi gani. Ushauri wangu, na nitaurudia kila semina: shughuli yoyote ya ziwani iwe na mtu mzima anayelijua ziwa, na kila mtoto avae jaketi okozi kabla mguu haujaingia mtumbwini.

Upande wa pili kuna wanaosema: "Ametimiza 18, mpeni kundi." Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo huyo kweli ni mtu mzima. Ila mtu mzima wa jana hapewi watoto thelathini peke yake. Skauti wa Marekani wanakubali msaidizi wa miaka 18, lakini kiongozi mkuu wa kundi awe na 21, na kila shughuli iwe na watu wazima wawili au zaidi waliofikisha 21. Utaratibu mzuri huo. Mweke kijana awe msaidizi kwanza.

Halafu hii: "Mzee yule ana mvi, tunamfahamu, hana haja ya kuchunguzwa." Hapana, hapana. Mvi si cheti cha tabia. Kila anayejitolea anachunguzwa, awe na 19 au 70, na hakuna mtu mzima anayebaki faragha na mtoto mmoja. Mzee mwenye heshima zake hachukii kuulizwa. Akichukia sana, mimi ndiyo nauliza zaidi.

Kwamba lazima uwe ulivaa skafu ya skauti utotoni, si kweli. Kozi ya viongozi wa skauti, Wood Badge, ilianzishwa Gilwell Park, Uingereza, mwaka 1919 kwa ajili ya kuwafundisha watu wazima. Wala si lazima uwe mwalimu wa shule. Nesi, fundi cherehani, dereva wa bodaboda, karibuni nyote. Mwone kamishna wa skauti wa wilaya yako, umuulize kundi gani limepungukiwa viongozi, na umtajie kazi unayoiweza kabla hajakuuliza umri.