Kabla hujafungua kasha la kompyuta, bonyeza kwanza Caps Lock

Wiki iliopita nilipigiwa simu na mama mmoja ana steshenari huku Majengo, Moshi, kompyuta yake imekufa. Kuna fundi alishapita kabla yangu akamwambia mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, imeungua, aandae laki mbili na nusu. Nimefika, shikamoo mama, marahaba baba, naangalia feni inazunguka ila kioo cheusi tii. Sikutoa hata bisibisi. Nikabonyeza Caps Lock, kile kitaa kidogo cha kijani kikawaka, nikabonyeza tena kikazima. Nikamwambia mama tulia, mazabodi yako nzima.

Akaniuliza nimejuaje. Nilichomwelezea ndo hiki naandika hapa, maana naona watu wanapoteza hela kwa kutokujua hii kitu na inaniuma kweli.

Kompyuta yoyote, iwe simu yako, mashine ya EFD ya kutolea risiti dukani au hiyo ya steshenari, inapokea, inachakata, inatoa. Shuleni tulikariri hivyo, kibodi na mausi vya kuingizia, kioo na printa vya kutolea, basi. Sasa wengi wanadhani kile kitaa cha Caps Lock kinawashwa na kibodi yenyewe kama swichi ya ukutani. Hapana. Ukibonyeza, chini ya kile kitufe mistari miwili ya umeme inagusana, mmoja wa mlalo mmoja wa wima, kuna chipu ndogo ndani ya kibodi inazunguka kukagua mistari yote muda wote, ikikuta imegusana inajua ni kitufe gani na inaandaa namba yake. Caps Lock kwenye kibodi ya USB ni 57. Kompyuta inapita kuuliza kibodi mara nyingi kwa sekunde, kuna jipya? inapewa 57, Windows inaamua sawa sasa hivi tunaandika herufi kubwa, halafu INARUDISHA amri kwenye kibodi, washa taa. Yaani kile kitaa kikiwaka ujue taarifa imeingia, prosesa (ubongo wa kompyuta) na RAM (kumbukumbu yake ya muda) vimefanya kazi na jibu limetoka, safari nzima imekamilika kwenye kitufe kimoja. Kuna laptop hazina hicho kitaa na kibodi nyingi zisizo na waya pia hazina, kwa hizo tafuta kibodi ya USB ya waya uchomeke.

Kwa hiyo kwa yule mama kilichobaki ni njia ya kwenda kwenye kioo. Nikachomoa waya wa VGA nyuma, nikamulika na tochi ya simu, pini mbili zimelala kabisa, inaonekana kuna mtu aliulazimisha kuingia. Nikazinyoosha taratibu na kibano, nikarudisha, picha hiyoo.

Na hata kibodi ikiandika vitu vya ajabu usikimbilie kununua nyingine. Ile namba inayotoka kwenye kibodi sio herufi, ni mahali kitufe kilipo. Kitufe cha A kinatuma 4 tu, ni programu ndo inageuza hiyo 4 kuwa a ambayo kwa kompyuta ni 97, au A kubwa ambayo ni 65. Nishaletewa kibodi "mbovu", ukibonyeza Q inatoka A, kumbe kuna mtoto alibadilisha setingi ikaenda Kifaransa. Kibodi haina kosa lolote, tatizo lipo kwenye uchakataji, dakika moja imeisha.

Sasa picha iliporudi mama akafungua mahesabu yake kwenye Excel, akaniambia baba na hii nayo inanidanganya, jumla haiendani na hela zilizopo. Nikaangalia, siku nyingine ameandika 15000 siku nyingine 15000/= kama tunavyoandika kwenye daftari. Excel ikiona /= inachukulia hayo ni maneno sio namba, na SUM, ile fomula ya kujumlisha, ikikuta maneno inayaruka kimya kimya wala haikwambii. Charles Babbage, yule Mwingereza aliyebuni mashine za kukokotoa karne ya 19, alishawahi kuulizwa na watu wa bungeni kabisa kwamba ukiiwekea mashine namba zisizo sahihi, je, majibu sahihi yatatoka? Akashangaa mtu anawazaje hivyo. Mimi swali kama hilo nakutana nalo sana na sioni la kumcheka mtu, kwa macho 15000/= ni namba kabisa, kila mtu Moshi ataisoma hivyo.

Tukafuta /= zote kwa mpigo, jumla ikakaa sawa. Ila mama anataka ile alama yake ionekane, na ni haki yake, kwa hiyo nikaingia kwenye fomati ya seli nikaweka #,##0"/=". Sasa anaandika 15000 tupu, ndani inabaki namba, kwenye kioo inatokea 15,000/=.