Je, wajua kwa nini beji ya mionzi peke yake haimtoshi muuguzi wa chumba cha upasuaji?

Mtu aliyevunjika paja kwa ajali ya bodaboda barabara ya Masasi, au aliyeanguka kutoka juu ya mnazi huko Lindi, mara nyingi huhitaji chuma ndani ya mfupa. Hospitali ikiwa na mashine ya eksirei yenye umbo la herufi C, daktari anaufunga mfupa huku akiutazama kwenye skrini. Mgonjwa atapata mionzi ya mashine hiyo siku ile tu. Daktari, muuguzi na mtaalamu wa usingizi watarudi chumba hichohicho wiki ijayo, na mwakani.

Mionzi mingi inayowafikia wahudumu haitoki moja kwa moja kwenye mashine. Hugonga mwili wa mgonjwa kwanza, kisha hutawanyika pande zote. Haina harufu wala rangi, na huisikii mwilini hata kidogo. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha. Haibaki chumbani wala ndani ya mgonjwa.

Ndiyo maana wahudumu huvaa beji kifuani. Ndani yake mna fuwele zinazohifadhi nishati ya mionzi. Zikipashwa moto hutoa mwanga, na kiasi cha mwanga huonyesha dozi iliyopokelewa. Hapa Tanzania huduma hiyo hutolewa na Tume ya Nguvu za Atomu, yenye maabara Arusha, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Mtwara. Beji huvaliwa kwa kawaida mwezi mmoja hadi mitatu ndipo isomwe. Majibu yakirudi ni jumla tu. Hayasemi ni siku gani, upasuaji upi, wala nani alikuwa amesimama wapi.

Kipimo cha papo hapo kimebuniwa kuziba pengo hilo. Ni kifaa kidogo kinachovaliwa juu ya aproni yenye madini ya risasi, ile inayozuia mionzi. Mionzi ikigonga kipande cha silikoni kilichomo ndani, huzalisha umeme kidogo sana. Kifaa huuhesabu na kutuma taarifa bila waya kwenye skrini iliyo ukutani. Kila mhudumu ana mstari wake: kijani, njano, nyekundu. Ukipanda, anarudi nyuma na kuuona ukishuka. Ukisogea kutoka mita moja hadi mbili, mionzi hupungua hadi karibu robo. Hata upande una maana: mashine ikilazwa kupiga picha kwa ubavu, upande wa bomba linalotoa mionzi hupokea mtawanyiko mkubwa zaidi kuliko upande wa kipokezi cha picha.

Kwangu mimi, faida kubwa ni ya muuguzi. Pedali ya kuwasha mionzi kwa kawaida iko chini ya mguu wa daktari, na muuguzi aliyeshika mguu wa mgonjwa hana uwezo wa kuizima. Skrini inamfanya mwenye pedali aone kinachompata mwenzake wakati bado anaweza kusubiri asogee. Hilo beji haiwezi kulifanya.

Viwango vya kimataifa vinamruhusu mhudumu kupokea wastani wa milisiveti 20 (milisiveti ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa mwaka katika miaka 5, bila mwaka wowote kuvuka 50. Kwa lenzi ya jicho, kiwango kilichopendekezwa kilishushwa mwaka 2011 kutoka 150 hadi wastani huo wa 20, baada ya kubainika kuwa mtoto wa jicho huweza kusababishwa na dozi ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Mhudumu akishatoa taarifa kuwa ni mjamzito, mtoto aliye tumboni asipate zaidi ya milisiveti 1 kwa kipindi kilichobaki cha mimba. Akisubiri beji ya miezi mitatu, theluthi nzima ya ujauzito imeshapita.

Beji isivuliwe, hata hivyo. Baadhi ya vipimo vya papo hapo husoma pungufu pale mionzi inapotoka kwa mapigo mafupi yenye nguvu, na kumbukumbu ya dozi ya mfanyakazi, ile inayotunzwa kwa miaka, bado hutegemea beji.