Mita 100 za waya wa mtandao zinahesabiwaje?

Mtandao wa ofisi ukisuasua, wa kwanza kulaumiwa ni kampuni inayouza intaneti. Kabla ya kuipigia simu, fuata waya.

Waya wa shaba wenye jozi nne zilizosokotwa una kikomo cha mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Kikomo hicho kimo katika viwango vya Ethaneti, yaani kanuni za mtandao wa waya, tangu 1990. Kinachowaponza mafundi ni hesabu yake. Mita 90 ni za waya uliopita ukutani na darini. Kumi zilizobaki ni za vipande vya kuunganishia, upande wa swichi (kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao) na upande wa kompyuta. Mtu hupima sakafu kwa hatua, akapata 80, akaridhika. Kumbe waya unapanda, unazunguka nguzo, unashuka, na juu ya kabati kuna mkunjo wa akiba. Boksi la mita 305 nalo halikupi ruhusa ya kuutandaza waya wote kwa mkupuo!

Mawimbi hufifia yakisafiri, na jozi moja huichafua nyingine. Ubaya ni kwamba ukivuka kikomo mtandao haufi papo hapo. Kwenye mita 120 taa ya swichi yaweza kuwaka kama kawaida na barua pepe zikafunguka. Ukituma faili kubwa, data inapotea na kutumwa upya. Kamera inayopata umeme kwa waya huohuo hufanya kazi mchana, kisha huzimika usiku taa zake za gizani zinapotaka umeme zaidi. Fundi akija asubuhi, anaikuta nzima.

Kasi ikipanda, urefu hupungua: kwa gigabiti 10 kwa sekunde, waya wa daraja la Kategoria 6 huhesabiwa hadi mita 55 tu; wa daraja la juu yake, 6A, ndio unaofika 100. Na ukwangue kwa kisu kabla ya kulipa. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na mita 100 usizitegemee.

Swichi katikati ya njia huanzisha hesabu upya, ila nayo inahitaji umeme na mahali pakavu. Kati ya jengo na jengo sisi hushauri faiba, yaani waya wa nyuzi za kioo unaopitisha mwanga, moja kwa moja, hata kama umbali ni mita 60. Gigabiti 1 kwa sekunde kwenye faiba ya aina ya njia moja (single-mode) hufika kilomita 5, na kioo hakipitishi umeme wa radi kutoka jengo hili kwenda lile.