Je, wajua kwa nini kazi iliyokushinda peke yako hukubali ukiketi kando ya wenzako?

Kila Jumanne na Alhamisi, saa mbili za asubuhi, watu wanne hukutana katika sebule moja ya mtaa wa Migosi, mjini Kisumu, wakaizunguka meza ya kulia na kuanza kazi ambazo hazina uhusiano wowote. Mmoja ni muuguzi anayejiandaa kwa mtihani, wa pili anaandika tasnifu ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Maseno, wa tatu huweka hesabu za vyama vya akiba, nami ni mfasiri. Hakuna anayemsaidia mwenzake, kwa sababu muuguzi hawezi kunipa neno nililolikosa, wala mimi siwezi kumkumbusha kipimo cha dawa. Hata hivyo, ikifika saa sita, jua linapoanza kuchoma mabati, kila mmoja huwa amekamilisha kazi ambayo nyumbani kwake ilikuwa imelala wiki nzima. Kwa nini mtu asiyekusaidia chochote akufae kiasi hicho kwa kuketi tu?

Swali hili lina umri mkubwa. Mwaka 1898 Norman Triplett, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana nchini Marekani na mpenzi wa mbio za baiskeli, alizipitia kumbukumbu za mbio hizo akaona kwamba mwendeshaji aliyeshindana na wenzake alikwenda kasi kuliko yule aliyeshindana na saa peke yake. Sehemu ya tofauti hiyo ingeweza kutokana na upepo, kwa kuwa aliye nyuma hukingwa na aliye mbele, na Triplett hakulisahau hilo; kwa hiyo aliziacha baiskeli, akawapa watoto 40 vigurudumu vya kukunjia uzi wa ndoana wavizungushe haraka iwezekanavyo, mara mmoja mmoja, mara wawili wawili. Watoto 20 waliongeza kasi walipokuwa na mwenzao, 10 hawakubadilika, na 10 waliobaki waliharibikiwa kwa pupa. Wengi hulisimulia jaribio hili kana kwamba watoto wote walichapuka. Mimi nawaona hao 10 wa mwisho kuwa ndio wenye funzo kubwa, kwa maana wanaonyesha kwamba mwenzako anaweza kukuinua na anaweza pia kukukwaza.

Maelezo ambayo bado hutajwa kwanza yalitolewa mwaka 1965 na Robert Zajonc, mzaliwa wa Poland aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Michigan. Kwa maoni yake, kuwapo kwa wengine huuchangamsha mwili, na mwili uliochangamka hushika upesi lile uliolizoea. Ikiwa kazi ni ya mazoea, mchangamko huo huisukuma mbele. Ikiwa ni ngeni na yenye njia panda nyingi, mchangamko uleule huikoroga. Mwaka 1969 yeye na wenzake walilipima jambo hilo kwa mende, ambao tabia yao ni kukimbia mwanga. Katika njia iliyonyooka, mende aliyetazamwa na mende wenzake kutoka kwenye visanduku vya kuonea ndani alilifikia giza haraka zaidi kuliko aliyekimbia bila watazamaji. Njia ilipokuwa na kona ya kuchagua, watazamaji walimchelewesha. Aliyewahi kuwasha taa ya jikoni usiku wa manane hapa Kisumu ataiamini nusu ya kwanza ya matokeo hayo bila kuhitaji maabara.

Ukiipima meza yetu kwa kipimo hicho, utaona kwamba kazi nyingi tunazoahirisha ni njia zilizonyooka. Kupanga risiti kwa tarehe hakuhitaji akili ya ajabu. Kunahitaji mtu akae asiondoke. Muuguzi anarudia mambo aliyokwisha kuyasoma, nami nasahihisha tafsiri iliyokwisha kuandikwa. Kinachotushinda nyumbani ni kuanza, kisha kustahimili dakika kumi za mwanzo ambapo vyombo vichafu huonekana ghafla kuwa jambo la dharura. Mbele ya wenzako walioinamisha vichwa, kunyanyuka ili ukaoshe kikombe ni kitendo chenye mashahidi.

Lakini mbona watu wakikusanyika mahali pengine hutegeana? Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alichapisha mwaka 1913 vipimo vya watu waliovuta kamba pamoja, akaonyesha kwamba kadiri walivyoongezeka ndivyo mchango wa kila mmoja ulivyopungua. Mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake, huko Marekani, waliwataka watu wapige makofi na kelele kwa nguvu zao zote, na hapo pia kila mtu alijilegeza alipodhani kwamba sauti yake imechanganyika na za wengine. Kamba ikiwa moja, hakuna ajuaye nani amevuta na nani ameishikilia tu. Hii ndiyo tofauti kati ya kufanya kazi moja kwa pamoja na kufanya kazi mbalimbali mahali pamoja, na mtu asipoiona tofauti hiyo ataanzisha kikundi cha kusoma kitakachomlevya kwa maongezi.

Katika eneo hili, kuitana kazini si jambo geni. Waluo wana saga na Wakisii wana risaga, yaani mwaliko wa majirani kuja kulima shamba la mmoja wao, kisha wakapata chakula na kinywaji kwake. Wakisii wana pia egesangio, kikundi kidogo kinacholizungukia shamba la kila mwanachama kwa zamu. Waswahili nao wana neno ambalo kwangu linabeba siri yote: ngwe. Ngwe ni kipande cha shamba kilichopimwa, akapewa mlimaji mmoja akimalize. Mpakani mwake inaonekana wazi ni wapi jembe limefika na ni wapi majani bado yamesimama, na aliye katika ngwe ya pili anakuona pasipo kukuhoji. Neno hilo limekwisha kuhama kutoka ardhini likaingia katika wakati, ndiyo maana mtangazaji wa riadha huzungumzia ngwe ya mwisho ya mbio, na sisi wa Migosi hutumia neno hilohilo kwa kipindi cha kazi.

Kabla ya ngwe kuanza, kila mtu hutaja kwa sauti kile atakachokifanya, na ni lazima kiwe kitu chenye mwisho. “Nitasoma kidogo” haikubaliki. “Risiti za Machi hadi Mei” inakubalika, na vilevile “maswali 30 ya sura ya figo”. Muda ukiisha kila mtu husema amefika wapi. Hakaripiwi mtu, wala hatuna faini, ingawa mhasibu wetu, kama wahasibu wote, aliwahi kuipendekeza.

Sasa saa. Utaratibu wa kugawa kazi kwa saa unaojulikana zaidi duniani ulianzishwa na Francesco Cirillo, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Italia na masomo yalikuwa yakimponyoka. Alijiwekea changamoto ya kusoma kwa dakika chache bila kukatizwa, akazipima kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Ndipo utaratibu wenyewe ukaitwa Pomodoro, ambalo ni neno la Kiitaliano la nyanya. Unafanya kazi dakika 25, unapumzika dakika 5, na baada ya vipindi 4 unapata mapumziko marefu ya dakika 15 hadi 30. Ukijumlisha, vipindi 4 pamoja na mapumziko mafupi 3 yaliyo katikati hufanya dakika 115, karibu saa mbili kamili.

Dakika 25 hizo si amri. Mkenya aliyesoma shule ya upili amelelewa na kengele ya dakika 40, na mimi nimeona kwamba hesabu ya shule inanifaa kuliko ya nyanya, kwa sababu tafsiri huchukua muda kuingia kichwani, na kuikata inapoanza kutiririka ni kuimwaga. Kwa hiyo sisi hufanya ngwe 3 za dakika 40, tukipumzika dakika 10 kati ya moja na nyingine. Muuguzi, ambaye hukariri, angefurahia vipindi vifupi zaidi, lakini alishindwa kwa kura.

Kinachojulikana kwa uhakika zaidi ni kwamba umakini huchakaa mapema kuliko tunavyojidhania. Norman Mackworth wa Uingereza, aliyechunguza matatizo ya wanajeshi waliokesha wakitazama rada, aliwakalisha watu mbele ya duara lenye mshale uliokuwa ukiruka hatua moja baada ya nyingine, ila mara chache uliruka hatua mbili kwa mpigo, na kazi ya mtazamaji ilikuwa kuzinasa hizo mara chache. Kikao kilichukua saa 2, lakini katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1948 upungufu mkubwa ulionekana baada ya nusu saa ya kwanza tu. Miaka mingi baadaye, mwaka 2011, Atsunori Ariga na Alejandro Lleras wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwapa watu kazi ya kuchosha ya dakika 50 kwenye kompyuta, wakaona kwamba waliokatizwa mara 2 kwa jambo jingine fupi hawakudorora kama waliofululiza. Maelezo yao yanapendeza: akili huacha kukihisi kitu kisichobadilika, kama vile ngozi inavyoacha kuihisi nguo uliyoivaa tangu asubuhi, na kukiacha kidogo hukirudishia upya wake.

Hayo ni kuhusu mtu mmoja. Penye watu wanne, nadhani kengele ina kazi nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni kuyapa maneno mahali pa kwenda. Tulipoanza hatukuwa na saa, tukiamini kwamba watu wazima hawahitaji kuchungwa kama darasa la nne. Mtu alikuwa akikumbuka habari ya matanga ya Jumamosi, anaisema kwa nia njema, na nusu saa inateketea. Kumnyamazisha kungekuwa utovu wa adabu, hasa kwa kuwa ndiye mwenye nyumba. Saa ilipokuja haikuliua neno lake bali ililiahirisha: ukijua kwamba zimebaki dakika 12, unaweza kulihifadhi jambo la matanga bila kuona umenyimwa haki, na anayenyamazisha ni kengele, isiyo jamaa ya mtu. Saa bila wenzako, kwa upande mwingine, ni rahisi mno kuidharau. Nimewahi kuiweka peke yangu chumbani, ikalia, nikaizima, nikaendelea kutazama dirishani.

Saa yenyewe iwe ya kawaida. Mwanzoni tulitumia simu yangu, na siku ya tatu, nilipoinyanyua nizime kengele, nilikutana na ujumbe wa kamati ya harambee uliotaka jibu la papo hapo. Mapumziko ya dakika 10 yalizaa dakika 35. Wiki hiyohiyo mwenye nyumba alileta kutoka soko la Kibuye saa ndogo ya jikoni ya kuzungusha kwa mkono. Ilikuwa ikigonga kwa sauti kama nyundo ya fundi viatu, mpaka tulipoiweka juu ya leso iliyokunjwa mara nne, na tangu siku hiyo haijawahi kuleta ujumbe wa mtu yeyote.

Mapumziko nayo yana ufundi wake. Tulikuwa tukinywa chai kila kengele ilipolia, lakini chai ya moto ina saa yake binafsi, na dakika 10 haziitoshi. Aidha unaungua ulimi, aidha unarudi mezani na kikombe na kuendelea kupuliza. Sasa mapumziko mafupi ni ya maji na ya kusimama kibarazani tukitazama mbali, kwa kuwa anayekodolea kioo cha kompyuta hupepesa macho mara chache kuliko kawaida na macho yake hukauka. Chai na mandazi husubiri mwisho. Jambo jingine nililojifunza ni kutolikatiza wazo bila kuliwekea alama. Sophie Leroy, mtafiti aliyechapisha mwaka 2009 kazi kuhusu watu wanaohama kutoka jukumu moja hadi jingine, alionyesha kwamba sehemu ya mawazo hubaki nyuma kwenye lile ambalo halijakamilika. Kwa hiyo kengele ikilia huandika kwa kalamu maneno matatu au manne ya sentensi ijayo, kisha ndipo ninaponyanyuka. Nikirudi sianzi kutafuta, naanza kuandika.

Kuna siku ambazo siendi Migosi. Nikipata andiko la sheria au shairi, ambapo kila mstari una kona ya kuchagua na sijui bado ni ipi iendayo gizani, nakuwa kama wale watoto 10 wa Triplett: uwepo wa wenzangu hunitia pupa, naokota neno la kwanza linalojitokeza kwa sababu mwanatasnifu kandoni mwangu anachapa kwa kasi na mimi nimetulia kama jiwe. Kazi ya namna hiyo naifanyia nyumbani alfajiri, kabla majogoo ya jirani hayajamaliza zamu yao, bila saa, nikitembea chumbani na kuzungumza peke yangu. Ikishanyooka, Jumanne naibeba, naitaja mezani kwa sauti kama ngwe yangu, na mwenye nyumba anaizungusha saa.