Je, mtoto hujua kurusha na kudaka kwa kukua tu?

Wazazi wengi huamini kuwa kurusha, kudaka na kuruka huja vyenyewe kadiri mtoto anavyokua, hivyo kipindi cha michezo huhitaji uwanja na mpira mmoja tu. Umri huchangia, ni kweli. Lakini stadi hizi hukomaa kwa kuelekezwa na kurudiwa, na mpira mmoja kwa watoto hamsini huwaacha wengi wakisubiri, hasa wasiojua. Ukitaka kuhakikisha, tazama watoto wakicheza rede: anayerusha kwa mkono wa kulia huku ametanguliza mguu wa kulia bado anajifunza, kwani stadi ikikomaa hutangulia wa kushoto, na kiwiliwili huzunguka. Mpe mpira wa matambara, mwelekeze mguu, kisha umtazame tena baada ya wiki chache.