Mbwa Ameumwa na Nyoka: Usingoje Kukuche

Mvua za masika zikianza, mbwa walioumwa na nyoka huanza kufika kliniki za mifugo za Arusha na Moshi. Wanatoka Kisongo, Moshono, Mabogini, Kahe, kote kwenye nyasi, mawe na panya. Wengi hufika siku ya pili, uso umevimba kama mtungi, na mwenye mbwa anasema, "Tulikuwa tunamwangalia kwanza." Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya huko kuangalia kwanza.

Nyoka gani hasa wa kuogopa huku kwetu?

Watatu. Kifutu, ambaye wengine humwita bafe au moma: mfupi, mnene, hulala kimya njiani na wala hakimbii akisikia hatua. Sumu yake huvimbisha, huvujisha damu na kuozesha nyama. Swila hutema sumu machoni, na akiuma huozesha pia. Koboko sumu yake hushika mishipa ya fahamu, mnyama akashindwa kupumua. Chatu hana sumu.

Mbwa anaweza kufundishwa kumkwepa nyoka?

Anaweza, kwa kiasi, na inachukua majuma, si siku mbili. Anza na neno "acha". Fumba kipande cha nyama mkononi, umwache anuse na kulamba. Mara tu akigeuza kichwa pembeni, msifu na umpe kipande kingine kwa mkono wa pili. Usimpe kile kile alichokatazwa, maana utakuwa umemfundisha kuvumilia tu hadi akipate. Mara kumi kwa zoezi, dakika tano, asubuhi na jioni. Akishaelewa, weka nyama chini, mguu wako ukiwa tayari kuifunika.

Kisha "njoo". Mfunge kamba ya mita kumi, mwite mara moja, rudi nyuma haraka ili akufuate, na akifika mpe kitu anachokipenda kuliko vyote: firigisi, maini, dagaa. Kosa linaloharibu kazi yote ni kumwita "njoo" halafu kumpiga au kumfungia bandani. Siku ya nyoka atakutazama tu.

Ukiwa na hayo mawili, chukua nyoka wa mpira au kipande cha bomba la maji, kifunge uzi, mtu mwingine akivute taratibu kwenye nyasi. Mbwa akikiona tu, akiwa bado mbali, sema "acha, njoo", kimbia upande wa pili, mpe zawadi. Ukirudia vya kutosha, atakiona kile kitu na kukugeukia kabla hujafungua mdomo. Hapo ndipo unapotaka afike. Badilisha mahali: uani, kando ya mfereji, kwenye migomba, jioni giza likiingia. Badilisha na kifaa chenyewe, la sivyo atajifunza harufu ya mpira mmoja na si umbo la nyoka. Rudia zoezi kabla ya masika na kabla ya vuli, kwa sababu mbwa husahau.

Jirani anasema nimchape mbele ya nyoka aliyekufa.

Tafadhali usifanye hivyo. Nyoka aliyekufa hatembei, na mbwa ataunganisha maumivu na aliyeshika fimbo, yaani wewe. Tena kichwa cha nyoka aliyeuawa bado kinaweza kuuma na kutia sumu, hata kikiwa kimekatwa. Marekani wapo wanaotumia kola za umeme pamoja na nyoka hai aliyezibwa mdomo. Hata huko inahitaji mkono uliozoea, kwa sababu mshtuko ukichelewa sekunde chache mbwa hajui ameadhibiwa kwa lipi, na wengine huwa wakali zaidi.

Mbwa wangu ameshaua nyoka watatu. Si ni mlinzi mzuri?

Ni mbwa aliyebahatika mara tatu. Ukimsifu, ukimpigia kelele "kamata!", unamfundisha kuingiza pua mahali penye meno. Na kuumwa mara moja hakumpi kinga ya kuumwa tena. Kazi ya mbwa ikomee kwenye kubweka. Wewe fyeka nyasi, ondoa marundo ya mawe na kuni karibu na banda, usimwache alale nje kwenye majani, na usiache pumba na chakula cha kuku usiku. Vinaita panya, panya anamleta nyoka.

Aliyefunzwa vizuri si atamnusa nyoka kutoka mbali?

Kifutu, hapana. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2015 uliwatumia mbwa waliofunzwa kunusa: walitambua gamba lililovuliwa na kifutu, lakini kifutu mwenyewe aliye hai, aliyetulia, walishindwa kumtambua. Nyoka huyu huwinda kwa kuvizia, na harufu yake haishikiki. Mbwa bora kabisa anaweza kumkanyaga. Kwa hiyo fundisha, lakini ujue pia la kufanya siku akiumwa.

Ameumwa saa mbili usiku, lakini anatembea na amekunywa maji. Naweza kungoja asubuhi?

Hapana. Sumu ya kifutu haihitaji mbwa aanguke ndiyo ianze kazi. Inaendelea kula nyama na kuvujisha damu ndani huku akitembea. Mbwa wengi huumwa usoni au mguu wa mbele, na uvimbe wa uso ukishuka kooni unaziba njia ya hewa. Kwa koboko, asubuhi utakuwa unachimba shimo. Ondoka saa ile ile.

Lakini mbwa si hujitibu mwenyewe kwa kula majani?

Hapana. Mbwa hula majani siku zote, mzima au mgonjwa. Hakuna jani analojitafunia likaondoa sumu iliyokwisha kuingia mwilini. Waliopona baada ya kula majani walitiwa sumu kidogo, au hawakutiwa kabisa. Usingoje.

Je, nikimwekea jiwe la nyoka usiku kucha, kisha nimpeleke?

Hapana, na hilo "kisha" ndilo linaloua. Jiwe halinyonyi sumu. Kukata kidonda kwa wembe hakutoi sumu, kunaongeza damu. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi. Kamba iliyokazwa mguuni inafungia sumu inayoozesha mahali pamoja, na mguu unakatwa. Usimpe diclofenac wala ibuprofen za nyumbani: kwa mbwa huumiza tumbo na figo, na damu yake tayari haigandi vizuri. Kila dakika ya jiwe na wembe ni dakika uliyomnyima matibabu.

Basi nifanye nini?

Sogea mbali na nyoka, usimwinde. Picha ya mbali inasaidia, lakini si lazima. Vua kola mara moja, maana shingo itavimba na kola itamnyonga. Angalia saa, uikumbuke. Asitembee: mlaze kwenye blanketi au gunia, watu wawili wambebe. Usimfunge mdomo kama uso umevimba au anatapika. Usimpe chakula. Piga simu kliniki ukiwa njiani, uulize kama wana dawa ya kuzuia sumu ya nyoka. Namba hiyo itafute leo, na swali hilo uliulize leo, kabla ya mvua.

Dawa hiyo hutolewa kwenye mshipa, na kipimo hufuata wingi wa sumu, si uzito wa mnyama. Kijibwa cha kilo sita kinaweza kuhitaji vichupa vingi kama mbwa mkubwa, kwa hiyo usishangae gharama wala usiombe "nusu dozi". Hata kliniki isiyokuwa nayo inaweza kumsaidia kwa dripu, oksijeni au dawa za maumivu zinazomfaa mbwa. Nenda tu.

Swila amemtemea machoni.

Osha kwa maji safi mengi, dakika 15 hadi 20, ukishikilia kope wazi. Maji ya bomba yanatosha. Si mkojo, si tumbaku. Kisha kliniki, hata kama jicho limefumbuka, kwa sababu kioo cha jicho huweza kuchubuka. Yale matone ya dukani yenye steroidi usiyaguse, yanaharibu jicho lenye mchubuko.

Na kama mbwa ameniuma mimi nikimbeba?

Mbwa mwenye maumivu huuma hata anayempenda, ndiyo maana mfunike kichwa kwa shuka jepesi bila kumziba pua. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kuuliza chanjo ya kichaa cha mbwa. Ikiwa nyoka ndiye aliyekuuma wewe, mwachie mtu mwingine mbwa, na wewe hospitali moja kwa moja, usiku huo huo.